Kopo la Popo na Kopo la Bizari

Sinza, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Shangazi yangu Mwamvita,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa joto linatupika bila mafuta. Mguu wa baba umepona, ila ameshauzoea uchungu na hataki kuuacha, kwa hiyo bado anachechemea wageni wakija. Mama anakusalimu na anauliza michembe, amekumbuka viazi vikavu vya huko. Nimemwambia ombi lake aliandike mwenyewe, mimi nina langu.

Ningekupigia simu, lakini tangu ile yako itumbukie kwenye sufuria la pilau umeapa hununui nyingine. Kwa hiyo nimenunua bahasha.

Shangazi, kila Jumamosi mchana mimi na wenzangu wa kazini tunacheza mchezo mmoja wa mezani. Si karata wala bao. Kila mchezaji anabuni mtu wake. Mmoja wetu ni msimulizi, sisi wengine tunasema watu wetu wanafanya nini, na dadu zinaamua kama wameweza. Msimulizi wetu anaitwa Elieza, ni mhasibu na ni mkali. Hadithi yetu ni msafara wa zamani wa watu mia mbili unaotoka Bagamoyo, kupita Tabora, mpaka Ujiji, ila porini tumewekewa mazimwi. Wenzangu ni wapagazi, askari na mpiga ngoma, mimi ni Bibi Nyamizi, mganga wa msafara.

Sasa kitabu cha kanuni kinasema kila uganga una viambato vyake. Ukitaka kurusha tufe la moto, uwe na kinyesi cha popo. Ukitaka kuona gizani, unyoya wa bundi. Zamani nilikuwa nasema tu, "Ninacho mfukoni," na mambo yanakwenda. Nadhani nilizidisha, maana ilifika mahali napiga radi hata kuwasha jiko. Elieza akakasirika, akatunga kanuni yake: uganga haufanyi kazi mpaka kitu chenyewe kiwekwe mezani, watu wakione. Na kikishatumika kimekwisha.

Hapa Sinza bundi nitamtoa wapi? Ndipo nilipokukumbuka wewe. Naomba unyoya wa bundi, utando wa buibui na asali ya nyuki wadogo. Bila hivyo mganga wangu ni bibi tu aliyebeba kikapu, na wenzangu wameshaanza kusema aachwe njiani.

Mwanao,
Najiat


Kanyenye, Tabora
27 Januari 2025

Mwanangu Najiat,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Fikiri, yule fundi baiskeli wa hapa mtaani. Alitaka nimpe chai kwa kazi ya kuibeba. Nikamwambia sisi Wanyamwezi tulibeba pembe kwa miguu mpaka kwao Uzaramoni, yeye bahasha moja inamshinda? Akasema ndiyo maana hatuna shingo. Mtani ni mtani, nilimpa chai.

Hapa kuna mvua na kuna kazi. Abdulatifu wa duka la vitambaa anamwoza binti yake Anifa tarehe 22 Februari, kabla ya mfungo, na masufuria nimepewa mimi. Watu mia tatu. Zuwena amenuna, alidhani safari hii watamwita yeye. Zuwena naye anajiita mpishi. Bizari yake ni vumbi la barabarani lililopitishwa karibu na karafuu.

Sasa hayo yako. Umenieleza kwa kirefu kwamba ni mchezo kana kwamba nitakimbilia kwa shehe. Babu yako, kabla hajasilimu, alikuwa manju wa ngoma. Siku ya mashindano kundi lake linafukia dawa uwanjani ili watazamaji wawakimbilie wao, na wapinzani nao wamefukia yao upande wa pili. Wote wanajua, na jioni wanacheka pamoja. Mchezo usio na dawa si mchezo. Huyo Elieza nimempenda, ndiyo kazi inavyotakiwa. Hata mimi siwezi kuwaambia wageni, "Iliki ninayo mfukoni."

Asali hiyo, ya Itetemia. Utando nao huo, jikoni kwangu hakuna buibui kwa hiyo nimeuchukua dirishani kwa Zuwena, anao wa kuuza. Unyoya niliokutumia ni wa kanga. Bundi sitafuti. Mimi ni mwanamke mjane ninayepikia watu. Nikionekana naulizia bundi sokoni, nani atakula mkononi mwangu? Usiniombe tena.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Umetaja wapagazi, askari, mganga na mpiga ngoma. Msafara wa watu mia mbili na hamna mpishi? Mnakula nini mpaka Ujiji, dadu?

Shangazi yako,
Mwamvita


Sinza
9 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo sana. Mama amekula michembe yote siku ile ile iliyofika, na sasa anasema tumbo limemjaa ila si kwa ajili ya michembe. Baba anacheka huku anachechemea.

Asali imetuokoa. Bibi Nyamizi aliiweka mezani, zimwi la Mpwapwa likalainika, likatuonyesha njia. Tatizo ni kwamba wachezaji waliramba kiambato kabla sijamaliza kusema maneno, Elieza akatupiga faini. Unyoya wa kanga aliukataa. Aliukagua kama risiti, akasema kanga haoni gizani. Nimemwambia shangazi yangu hatafuti bundi, na sababu zake nimeziheshimu, ila ujue bila bundi hatulivuki pango lililo baada ya Tabora.

Swali lako la mpishi nimelisoma mezani. Miezi minane tunasafiri na hakuna aliyefikiria chakula. Elieza akafunga daftari, akaomba radhi, na sasa msafara una mpishi anayeitwa Bi Mwamvita. Ana mwiko mrefu kuliko mkuki. Hakuna adui anayethubutu kumgusa, kwa sababu na wao wanategemea kula.

Shangazi, mbele yetu kuna majambazi wamekalia kisima. Naomba kinyesi cha popo, kidogo tu, cha tufe moja la moto. Najua kipo kwenye dari lako, usikatae.

Najiat


Kanyenye
20 Februari 2025

Najiat,

Marahaba. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine unachambua mchele. Harusi ni keshokutwa.

Huyo mpishi asitembee mbele na askari. Akae nyuma, karibu na punda wa chumvi. Na mwiko wake uwe wa mninga, si mti wowote tu. Mwambie Elieza.

Kinyesi chako cha popo nimekupatia. Nimepanda darini mwenyewe na haya magoti, sikutaka mtu ajue. Nimekitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalizungushia kitambaa nikalishona, maana Fikiri ndiye anayelipeleka stendi na jicho lake halina adabu. Bizari yangu ya harusi nayo nimeishona vivyo hivyo kwenye kopo lake. Huwa siifungui mpaka nisimame juu ya sufuria, ili Zuwena asije akanusa akajua nimetia nini. Mwaka huu amejipendekeza kwa mama wa bibi harusi, eti atakuja kunisaidia kukatakata vitunguu. Kusaidia! Naona ni kupeleleza tu.

Fikiri amefika, ananipigia kelele mlangoni. Chukua mzigo wako.

Mwamvita


Sinza
3 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Tunafunga sote, hata baba, ambaye sasa anasema mguu unamuuma kwa sababu ya swaumu.

Niambie harusi ilikwendaje. Nakuuliza huku nacheka, na utajua kwa nini.

Jumamosi ya harusi, na sisi tulikuwa kisimani na majambazi. Niliweka kopo lako mezani, nikakata uzi taratibu ili watu waogope. Elieza akasogeza kiti nyuma. Nikafungua kifuniko, na chumba kizima kikanukia Idi. Jira, iliki, mdalasini, na kile kitu chako ambacho hujawahi kumwambia mtu. Elieza alinusa, akafumba macho, akasema hii haiwaki moto ila ana njaa. Majambazi wakatupiga. Bibi Nyamizi amebaki na uhai kidogo tu, wa kumalizwa na dadu moja.

Nimelifunga kopo lako vizuri, nitalirudisha. Lakini shangazi, kama bizari ilikuwa huku kwetu, lile lingine lilikwenda wapi?

Najiat


Sinza
22 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Idi imepita, hujaandika. Nilimpa dereva wa basi salamu zako na tende, akasema alizifikisha na ulizipokea bila neno. Wewe, bila neno? Nimeogopa.

Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Najiat


Kanyenye
11 Mei 2025

Mwanangu Najiat,

Marahaba. Tende zilikuwa nzuri. Mvua zimekatika. Tumbaku mwaka huu wanasema imekubali. Paka wa jirani amezaa juu ya sanduku langu la nguo za misiba, nimemwacha.

Mimi ni mzima. Magoti tu. Nimeona nipumzike kupika shughuli. Masufuria makubwa nimeyafunika, na mwiko nimeusimamisha nyuma ya mlango. Mtu akifika umri fulani apishe wengine. Harusi mbili za baada ya Idi amepika Zuwena, na watu walikula, sijasikia aliyekufa.

Ile harusi ya Anifa ilikwenda salama. Bibi harusi alipendeza.

Usinitumie tena maombi ya vitu. Bi Mwamvita wa msafara wenu mwambieni akae hapo alipo, amechoka.

Shangazi yako


Sinza
2 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sitaanza na habari za nyumbani kwa sababu habari ya nyumbani ni wewe. Baba alikuja huko Nzega kwenye mazishi wiki iliyopita, akapita Kanyenye, na unajua baba hawezi kubeba siri hata kwa mguu mzima. Ameniambia yote aliyosikia kibarazani.

Kwamba ulisimama juu ya sufuria la watu mia tatu, ukakata uzi, ukafungua kopo, na Zuwena alikuwa begani kwako. Kwamba aliuliza kwa sauti, "Hiki ni nini?" Na wewe, ambaye hujui kusema uongo hata wa kuokoa maisha, ukamjibu, "Kinyesi cha popo." Kwamba kisha ukaanza kueleza: kuna watu wazima Dar es Salaam, wana kazi za ofisini, wanakaa mezani wanajifanya waganga, na popo huyu ni wa kuwasha moto wa kubuni. Baba anasema hapo ndipo ulipojimaliza. Wangekuamini kama ungesema ni uchawi wa kawaida.

Watu walikula pilau, wakalisifu, wakarudia sahani. Kesho yake Zuwena alipomaliza kuzunguka mtaa, wote wakakumbuka kwamba matumbo yalikuwa yamewauma.

Shangazi, nimelia. Nilitaka kitu cha kuweka mezani kwangu nikakutoa wewe kwenye jiko lako. Niko tayari kupanda basi nije nisimame hapo Kanyenye nieleze mchezo kwa kila mtu.

Lakini kwanza nijibu jambo moja ambalo hata baba hakulifikiria. Popo ulimwona kabla hujammwaga, najua, jicho lako nalijua. Na bizari yako ilikuwa huku. Sasa pilau lile walilolisifu lilitiwa nini? Ukilisema hilo, maneno yote yanakwisha. Mbona husemi?

Msafara umekwama Tabora. Elieza anasema hausogei mpaka mpishi aweke sufuria motoni.

Mwanao,
Najiat


Kanyenye
20 Julai 2025

Mwanangu Najiat,

Marahaba, marahaba. Usije kueleza mchezo. Maelezo yako yangenipeleka Ujiji kwa miguu.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaikalia mwezi mzima. Uliuliza swali ambalo mtaa mzima haukuuliza, na jibu lake nilikuwa nalo kooni tangu Februari. Nilikuwa radhi niitwe mchawi kuliko kulitoa. Nisikilize basi.

Wiki iliyopita kulikuwa na hitima ya mzee mmoja hapa nyuma ya msikiti. Zuwena anapika, mimi nimekwenda kama mgeni. Nikakaa na wanawake wanaomenya vitunguu saumu. Nikanyoosha mkono kuchukua kisu, mama mmoja akakisogeza kwake taratibu, kwa adabu kabisa. Najiat, iliniuma. Nimewapikia hao harusi zao, na arobaini za wazazi wao, leo sishiki kitunguu.

Ndipo akaja Fikiri. Unajua watani kwenye shughuli kama hiyo hawana breki. Alilala chali mbele ya mafiga, akasema maiti ya Wanyamwezi haipumziki mpaka Wazaramo wapate haki yao. Kisha akaruka, akapora mkoba wa bizari wa Zuwena, akakaa nao juu ya kinu kama kadhi. Mtani akipora hugombi, ukigomba umejiaibisha mwenyewe. Zuwena akabaki na mwiko mkononi.

Fikiri akatangaza kesi. Akasema babu zetu walifika kwao pwani wamebeba pembe, wakala muhogo wote, na wao wakavumilia. Leo mjukuu wa wabeba pembe amewalisha popo, na hilo halivumiliki. Akaigiza ninavyopanda darini na magoti yangu, akaigiza popo anavyonishangaa. Watu wakaanza kucheka chini chini, halafu kwa sauti. Lile neno walilokuwa wananong'ona miezi yote lilikuwa limetupwa katikati ya ua kila mtu alione. Na mimi, mwanangu, nikacheka. Tangu Februari sijacheka namna ile, mpaka nikashika mbavu.

Akaninyooshea kidole, "Mshtakiwa, siku ile sufuriani ulitia nini?"

Mtani hajibiwi kwa upole. Lazima umjibu kwa kitu kinachouma kuliko alichokupiga nacho, nami nilikuwa nacho kimoja tu. Nikasimama nikasema, "Nilitia bizari ya Zuwena. Nilimwibia mkobani alipokuwa amekwenda kunitangaza."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya harusi, alipoona popo alikimbilia ukumbini kuwaambia wanawake, vigelegele vikamzidi sauti, hakusikika mpaka kesho yake, na mkoba wake wa bizari, anaokwenda nao kila shughuli, akauacha juu ya gunia la mchele. Nyama imeiva, vitunguu vimekuwa vyekundu, watu mia tatu wamekwisha kunawa. Ningefanya nini? Nilitia vumbi lake lote la barabarani. Na nilipofunua sufuria kabla ya kupalia makaa, harufu ilinipiga puani, nikafunika, nikafunua tena ninuse. Ni nzuri, Najiat. Ina kitu ndani yake, nadhani ni kungumanga. Miaka yote nimemsema kwa bizari ile. Sasa ningetokaje mbele za watu niseme pilau bora nililowahi kupika lilikuwa na mkono wake?

Macho yote kwa Zuwena. Nilimwona anapiga hesabu. Akiendelea kusema pilau lile lilikuwa chafu, uchafu ni wake. Akashusha mwiko polepole.

Akasema, "Ndiyo maana lilinukia vile."

Basi, kuanzia pale hujapata kusikia mtetezi kama yule. Kabla ya dua alikuwa ameshawaeleza wanawake wote kwamba pilau la Anifa lilikuwa safi, kwamba aliwaona watu kwa macho yake wakirudia sahani, na kwamba wanaosema tumbo liliwauma walikuwa wamekula ubwabwa wa jana majumbani kwao. Popo? Popo alikuwa kwenye kopo, alikuwa mzigo wa mtoto wa Dar, watoto wa Dar wana michezo yao. Abdulatifu aliposikia akasema yeye hakuwahi kuamini, ingawa mke wake alimtazama kwa namna fulani. Yule mama wa kisu akanipa kisu na kitunguu saumu kikubwa kuliko vyote. Fikiri akadai ada ya kadhi, akapewa ukoko.

Kwa hiyo mwambie Elieza mpishi ameweka sufuria motoni, na msafara uondoke Tabora asubuhi kabla ya jua kali. Kopo langu la bizari nirudishie kwa basi la kwanza. La popo nakutumia hili hapa, safari hii nimelifunga uzi mwekundu, na Fikiri nimemwambia wazi ni nini, ili alibebe kwa heshima. Michembe ni ya mama yako. Mwambie asile yote siku moja.

Ndani ya gazeti utakuta unyoya wa bundi. Kautoa Zuwena, baada ya mimi kumsimulia lile pango lenu. Alikwenda chumbani kwake, hakukaa hata kidogo, akarudi nao. Sijamwuliza alikuwa nao wa nini, maana Jumamosi tunapika pamoja Itetemia.

Shangazi yako,
Mwamvita